Kutu Katika Tangi la Pikipiki: Kikulacho Ki Nguoni Mwako

JE, msomaji mpenzi, umewahi kuabiri pikipiki ikakuzimikia katikati ya barabara? Huanza kwa kukohoa mara mbili tatu kama mtu mwenye pumu. Huvuta kidogo, ikasita, ikavuta tena, kisha kimya. Nyuma yako matatu inapiga honi bila huruma, mbele yako lori la mchanga linateremka mlima, nawe umekumbatia mzigo wako usijue uruke au ukae.

Binamu yangu mmoja anayajua hayo vyema. Yeye ni baba wa watoto watatu na hujitafutia riziki kwa bodaboda katika mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi. Pikipiki yake aliinunua kwa mkono wa pili kutoka kwa mtu aliyekuwa ameiegesha miaka miwili chini ya kibanda cha mabati. Rangi ilikuwa safi, injini ilinguruma vizuri, na bei ilikuwa ya kuvutia. Kumbe wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi ghali.

Katika muda wa miezi miwili tu, kabureta ya pikipiki hiyo ilifunguliwa na kusafishwa mara tatu na mafundi watatu tofauti. Kila mara alilipa, kila mara akaambiwa, "Sasa iko sawa," na kila mara baada ya siku nne au tano maradhi yakarudi pale pale. Siku moja alikuwa amempakia mkewe na mtoto wao mdogo kuelekea kliniki. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, injini ikazima. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao alikata kona ya ghafla na kuwakosa kwa upana wa kiganja. Mkewe alishuka, akambeba mtoto mgongoni na kutembea kwa miguu hadi kliniki. Akaapa kwamba hatakipanda chombo hicho tena.

Ndipo binamu yangu alipoelekezwa kwa fundi mmoja mzee karibu na Barabara ya Kirinyaga. Mzee huyo hakuigusa kabureta. Aliifungua injini? La. Alifungua kifuniko cha tangi la petroli, akachukua kipande cha kioo cha kunyolea ndevu, akakielekeza kwenye jua na kuutupa mwanga ndani ya tangi. Ndani mlikuwa mwekundu kama udongo wa Murang'a baada ya mvua.

"Kijana wangu," mzee akasema, "hawa wenzangu wamekuwa wakikuoshea kikombe, ilhali uchafu uko mtungini."

Hayo ndiyo nitakayo uyashike leo, msomaji, hata kama wewe ni abiria tu wala humiliki pikipiki. Ukisafisha kabureta bila kusafisha tangi, umefanya kazi bure. Na ukisafisha tangi kwa pupa, waweza kuipoteza zaidi ya pikipiki.

KUTU HUTOKA WAPI?

Wanafunzi wa sekondari watakumbuka somo la kemia: chuma hakishiki kutu mpaka kikutane na vitu viwili kwa pamoja, yaani maji na hewa ya oksijeni. Matangi ya pikipiki nyingi za kazi hutengenezwa kwa bati la chuma, na huchukua kama lita 10 hadi 14. Likijaa petroli hadi juu, hewa haina nafasi. Lakini likibaki nusu au robo, sehemu iliyobaki hujaa hewa, na hewa hiyo imebeba unyevu. Usiku baridi inapoingia, unyevu huo huganda kwenye kuta za tangi kama jasho juu ya chupa ya soda baridi, kisha hutiririka hadi chini.

Maji hayo hayachanganyiki na petroli. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo 1, na lita moja ya petroli ina takriban gramu 740 tu. Kwa hivyo maji hushuka na kutulia chini kabisa ya tangi, na huko hukaa usiku na mchana yakila chuma polepole. Wewe ukichungulia juu waona petroli safi inang'aa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tazama maisha ya mwana bodaboda wa kawaida. Asubuhi hutia petroli ya shilingi mia moja au mia mbili, akafanya kazi, akaongeza nyingine kidogo jioni. Halaumiwi, kwani mfuko ndio unaoamua. Lakini tangi lake halijai hata siku moja katika mwaka. Kila siku lina hewa nyingi kuliko petroli, na kila mara injini inanyonya yale masalio ya chini kabisa ambako maji na kutu vimejificha. Ndiyo maana pikipiki nyingi huanza kukohoa punde tu unapogeuza bilula upande wa akiba.

Maji mengine huingia kupitia kifuniko ambacho mpira wake umechakaa, hasa pikipiki ikinyeshewa au ikioshwa kwa maji ya nguvu. Na mengine hununuliwa pamoja na petroli iliyowekwa katika mitungi na chupa kando ya njia.

Kuna uchafu wa aina ya pili usiohusiana na maji. Petroli ikikaa miezi mingi bila kutumika, sehemu yake nyepesi hupaa na iliyobaki hugeuka kuwa utomvu wa rangi ya kahawia, unaonata kama gundi na kunuka kama rangi ya mafuta iliyochacha. Utomvu huu hushikamana na kutu, na vyote viwili huteremka hadi kwenye vile vitundu vyembamba vya kabureta ambavyo hata sindano hupita kwa shida.

UTAJUAJE KAMA NI KUTU?

Usikimbilie kulaumu kutu kabla hujaipeleleza. Katika kifuniko cha tangi mna kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikiziba, petroli hushindwa kushuka na injini huzima vilevile. Basi pikipiki ikizima, isukume kando ya barabara, zima swichi, kisha fungua kifuniko. Ukisikia mlio wa hewa ikivutwa ndani na injini ikapata uhai tena, tatizo ni kifuniko. Kizibue kitundu hicho na utakuwa umeokoa pesa zako.

Kama sivyo, ngoja injini ipoe kabisa. Nje, mahali penye hewa, chomoa mpira unaotoka kwenye bilula, kinga chupa ya kioo iliyo wazi, na uteremshe petroli kidogo. Iache itulie kwa dakika 15. Ukiona vumbi jekundu limekaa chini, hiyo ni kutu. Ukiona tabaka au matone yanayobingirika chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji. Ukiviona vyote viwili, basi hatua zilizo hapa chini ni zako.

Jambo jingine: gusisha sumaku kwenye tangi. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, huenda tangi ni la plastiki au aluminiamu, na njia ninayoieleza hapa haifai.

KWANZA USALAMA

Hapa, msomaji, usiruke hata mstari mmoja.

Watu wengi hudhani kuwa tangi tupu halina hatari. Ukweli ni kinyume. Kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa limejaa mchanganyiko huo hasa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse katika jua letu. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa kwa mara tatu au nne. Haupai juu ukatoweka. Hutambaa chini kama paka hadi ukutane na jiko la makaa, sigara, au cheche ya swichi ya stima, kisha moto hurudi mbio mpaka ulikotoka.

Wakenya hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mnamo Januari 31, 2009, zaidi ya watu mia moja waliangamia huko Sachang'wan, karibu na Molo, petroli ya lori lililopinduka iliposhika moto. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilifuata mtaro hadi katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, na watu wapatao mia moja wakapoteza maisha. Tangi lako ni dogo, lakini petroli ni ile ile.

Kwa hivyo, kazi hii ifanyike nje, mchana, mbali na jikoni, mbali na jenereta, mbali na mtu anayevuta sigara. Simu iache ndani. Watoto wapeleke kucheza kwingine. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu, kwani maji hueneza moto wa petroli badala ya kuuzima. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira, hata kama umeona watu wakifanya hivyo tangu utotoni. Tone likipotea njia na kuingia mapafuni, laweza kukulaza hospitalini. Wala usiihifadhi petroli kuukuu katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, hutazama umbo la chupa. Na ikitokea amekunywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, kwani kutapika ndiko kunakoipeleka petroli mapafuni.

VIFAA VYA KAZI

Huhitaji dawa za bei ghali kutoka ng'ambo. Tafuta siki nyeupe ya kutosha kulijaza tangi lote, sabuni ya unga, magadi, mnyororo mwembamba mfupi au konzi ya nati ndogo, faneli, kizibo cha mpira, na chujio jipya la petroli. Siki ya dukani huwa na asidi ya kiasi cha asilimia 4 au 5. Ni asidi pole, na upole huo ndio tunaoutaka: huila kutu upesi kuliko inavyokila chuma chenyewe.

Kuna wanaotumia ile tindikali kali ya kusafishia vyoo na sakafu. Nakushauri uiepuke. Yaweza kuondoa kutu kwa dakika chache, lakini pia hukila chuma kizima, huunguza ngozi na mapafu, na huliacha tangi likishika kutu mpya kabla hujamaliza kunawa mikono. Na kamwe usichanganye asidi yoyote, hata siki, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu.

KAZI YENYEWE

Ondoa waya wa hasi kwenye betri kwanza, kisha funga bilula, chomoa mpira na ushushe tangi. Mimina petroli yote iliyobaki katika mtungi wa chuma wenye kifuniko. Usiimwage mtaroni wala chooni. Kumbuka njia iliyopitwa na petroli ya Sinai. Ipeleke kwenye karakana au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu.

Fungua bilula na kile kipimo chenye boya kinachoonyesha kiasi cha petroli, uvitoe. Siki itaharibu mipira na madini laini yaliyomo. Ziba matundu yaliyobaki kwa kizibo au kipande cha mpira kilichokazwa kwa skurubu.

Sasa osha. Chemsha maji jikoni, kisha yalete maji kwenye tangi. Usilipeleke tangi jikoni kwenye maji. Tia maji moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga katika ndoo, rudia. Fanya hivyo mara tatu, nne, hata tano, mpaka harufu ya petroli iishe na maji yasiwe na utando wa mafuta juu. Usifanye haraka hapa, kwani siki haiwezi kupenya mafuta wala utomvu. Ukiimimina juu ya utomvu, utakuwa umetwanga maji kwenye kinu. Ikiwa utomvu ni mgumu na umekataa kabisa kuondoka, mwachie fundi, kwa sababu dawa zinazouyeyusha nazo hushika moto kwa urahisi.

Baada ya hapo tia maji kiasi cha lita mbili pamoja na mnyororo au nati, na utikise tangi huku na huku ili magamba makubwa ya kutu yabanduke. Zihesabu nati unapozitia na uzihesabu unapozitoa. Moja ikibaki ndani itakusumbua mwaka mzima. Mnyororo ufunge waya kwenye ncha ili uweze kuuvuta. Na hapa pana onyo: kazi hii hufanywa kwa maji na baada ya harufu ya petroli kuisha. Chuma kinachogonga chuma chaweza kutoa cheche, na cheche ndani ya mvuke wa petroli ni msiba.

Suuza, kisha mimina siki hadi tangi lijae pomoni. Usilijaze nusu. Pale siki inapokutana na hewa ndipo kutu huchimba mstari mpya, na sehemu ya juu itabaki kama ilivyokuwa. Weka kifuniko juu bila kukikaza, kwa maana asidi inapokutana na chuma hutoa mapovu ya gesi yanayohitaji njia ya kutokea. Weka tangi nje, mahali ambapo watoto na moto havifiki. Siki ikimwagika juu ya rangi, ifute mara moja.

Liache kwa saa 24, kisha lichungulie kwa kioo na jua kama alivyofanya yule mzee. Likiwa bado jekundu, ongeza siku ya pili, hata ya tatu. Kutu ikiwa nyingi, siki hugeuka nyeusi na kuchoka. Imwage na utie nyingine.

MAGADI YA NYANYA

Ukimwaga siki ukaiacha kazi hapo, asidi iliyobaki itaendelea kukila chuma. Dawa ya asidi ni alikali, na alikali yetu iko karibu. Magadi ambayo nyanya zetu hutia katika maharagwe na pure ili yaive upesi, yale yatokayo katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ni chumvi za sodiamu zenye uwezo wa kuiua asidi.

Twanga magadi, yeyusha vijiko vitatu au vinne katika kila lita 5 za maji, na uyachuje kwa kitambaa ili mchanga usiingie. Suuza tangi kwa maji safi kwanza, kisha mimina maji hayo ya magadi. Utaona povu likipanda. Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile inayoumua maandazi. Usifunge kifuniko wala usichungulie kwa karibu. Povu likiisha, tikisa kidogo, mwaga, kisha suuza kwa maji safi mara mbili.

KUKAUSHA NI MBIO

Mpaka hapa ulikuwa ukiambiwa uwe na subira. Sasa kimbia. Chuma kilichotoka kuoshwa ni kama mtoto aliyetolewa kwenye maji ya kuoga: hakina nguo. Kikiachwa na maji kwa saa moja au mbili, kutu mpya ya rangi ya chungwa huanza kujitandaza, na siku tatu zako zimekwenda na maji.

Mwaga maji yote, geuza tangi kila upande, kisha lianike kwenye jua kali matundu yakiwa yamefunguliwa. Ukipata pampu ya upepo ya wazibaji pancha, pulizia ndani. Hewa moto ya mashine ya kukausha nywele pia inasaidia, mradi harufu ya petroli ilikwisha kabisa. Lakini usilianike juu ya jiko, wala usilipige moto wa gesi.

Likisha kauka kabisa, changanya lita moja ya petroli na vijiko vichache vya oili safi ya injini, mimina ndani na uzungushe mpaka kila ukuta upate utando mwembamba. Huo ndio nguo ya tangi lako. Kisha rudisha bilula na boya, weka mipira mipya kama ya zamani imechoka, fungia chujio jipya kati ya tangi na kabureta, na uisafishe kabureta kwa mara ya mwisho. Ukiliwamba tangi, lijaze petroli siku hiyo hiyo. Usishangae pikipiki ikitoa moshi kidogo mwanzoni. Ni ile oili inayoungua.

Baada ya wiki moja, litazame chujio. Likiwa na vumbi jekundu, libadilishe. Vumbi la mwisho mwisho huchukua muda kutoka.

LIKITOBOKA JE?

Huenda baada ya kusafisha ukaona tangi linavuja. Usiilaumu siki. Tundu lilikuwapo, ila kutu ilikuwa imeliziba. Ni afadhali lijionyeshe uani kwako kuliko juu ya injini yenye moto katikati ya msongamano wa magari.

Usilipeleke mbio kwa mchomeleaji wa madirisha. Tangi lililowahi kubeba petroli, hata likionekana kavu na safi, laweza kulipuka likichomelewa. Kazi hiyo ni ya fundi wa matangi, ambaye hulijaza maji karibu na mahali pa kuchomelea ili mvuke usipate nafasi. Tundu dogo kama la sindano laweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi isiyoyeyushwa na petroli. Yakiwa mengi, tafuta tangi jingine. Uhai hauna spea.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mwenye kutaka tangi lake lidumu ajitahidi kulijaza angalau mara kwa mara, na asingoje akiba kila siku. Mpira wa kifuniko ukichakaa, anunue mwingine. Pikipiki ikinyeshewa, apanguse kifuniko kabla hajakifungua. Chujio alibadilishe kila anapofanya huduma ya pikipiki.

Lakini hapa pana kitendawili ambacho wakazi wa ploti wanakijua. Kwa hofu ya wezi, wengi hulala na pikipiki ndani ya chumba kimoja na mke, watoto na jiko. Nikuambie ujaze tangi, nami najua litalala hatua tatu kutoka kitandani? La hasha. Chumba cha kulala si mahali pa petroli, iwe nyingi au kidogo, kwa sababu mvuke hauhitaji lita kumi kuwasha nyumba. Jadilianeni na majirani, mtengeneze kibanda chenye hewa na mlango wa chuma uani, au mchangie mlinzi mmoja. Ada ya mlinzi hailingani na thamani ya wanaolala humo ndani.

Ikiwa pikipiki itaegeshwa kwa miezi mingi, kwa mfano umesafiri au umeugua, ijaze petroli ukiiacha katika kibanda kama hicho. Kama huna mahali pa aina hiyo, mwombe fundi amwage petroli yote, akaushe tangi na kulipaka oili ndani. Lililo baya zaidi ni kuliacha nusu, kama alivyofanya yule aliyemuuzia binamu yangu.

Na binamu yangu je? Mzee wa Barabara ya Kirinyaga alipomwambia kazi itachukua siku tatu, alitaka kukataa. Siku tatu bila kazi ni siku tatu bila unga, akasema. Mzee akamwuliza, "Zile mara tatu ulizosafisha kabureta zilikula siku ngapi?" Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akaliacha tangi.

Siku ya tatu tundu dogo lilionekana karibu na kiungo cha chini. Mzee alimwonyesha kwa kioo chake, akamwambia aliweke kidole ili aamini. Lilizibwa kwa epoksi ili apate kurudi kazini, na baada ya miezi michache akanunua tangi jingine lililo zima. Sasa pikipiki hulala katika kibanda walichojenga na wenzake wanne, naye kila Jumamosi jioni hulijaza tangi hadi juu, hata ikimbidi apunguze matumizi mengine.

Mkewe alichukua muda kuusahau ule mzunguko wa barabara. Siku ya kliniki iliyofuata alitangulia kwa miguu na mtoto mgongoni. Mumewe alimfuata polepole kando ya njia, injini ikinguruma bila kukohoa, hadi mama mtoto aliposimama, akaisikiliza kidogo, akapanda.

Basi msomaji, kama una pikipiki uani, ngoja siku yenye jua. Chukua kioo, fungua kifuniko, uchungulie. Usipoziba ufa utajenga ukuta.